Msalaba wa Mkunazini

Mtu aingiaye Kanisa Kuu la Kristo huko Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, akapita katikati ya safu za viti hata akafika mbele ya altare, huona sakafuni duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na marumaru nyekundu. Na akiuliza maana yake huambiwa, kama walivyoambiwa wazee wake, kwamba hapo ndipo uliposimama mti waliofungwa watumwa na kuchapwa mijeledi mbele ya wanunuzi, ili ijulikane nani mstahimilivu na nani mlegevu, kwa maana bei ya asiyelia ilipanda. Si mbali na duara hilo umetundikwa msalaba wa mti, usio na nakshi wala dhahabu, ambao husemwa kuwa ulichongwa katika mpundu wa Chitambo, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone mwaka 1873.

Vitu hivyo viwili, duara na msalaba, vimekaa jirani kwa zaidi ya miaka mia moja, na wageni huvitazama kwa dakika chache kisha wakatoka kwenda kununua karafuu. Lakini kati yake pana swali zito ambalo makanisa ya Ulaya hayakulazimika kulijibu kwa namna lilivyojibiwa hapa. Dini inayomtaka mtu ajitoe nafsi yake, imwambie nini mtu ambaye tangu utoto alikwisha kutolewa na wengine, akapimwa, akanadiwa, akauzwa? Kujitoa ni tendo la mwenye milki. Asiyejimiliki atatoa nini? Masimulizi haya yanafuata jinsi swali hilo lilivyofika pwani yetu, na jinsi lilivyojibiwa, mara nyingine vizuri na mara nyingine kwa aibu.

Kifo cha watumwa

Neno msalaba ni la asili ya Kiarabu, ndugu wa kusulubu, na katika lugha za kale zilizolitaja jambo hilo halikuwa pambo bali chombo cha mateso. Warumi waliihesabu adhabu hiyo kuwa stahili ya watumwa na waasi, na muungwana wa Rumi aliona vibaya hata kuitaja mezani. Mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya kushindwa watumwa walioasi chini ya Spartacus, jemadari Crassus aliwasulubu mateka 6,000 kandokando ya barabara iendayo Rumi kutoka Capua, ili kila mtwana apitaye na mzigo wa bwana wake aone kwa macho yake mwisho wa mtu aliyetaka kujimiliki.

Basi wanafunzi wa Yesu wa Nazareti walipoanza kuhubiri, walibeba habari ngumu kuuzika. Walisema kwamba Bwana wao alikufa kifo cha mtumwa. Paulo, katika waraka wake kwa Wafilipi, watu wa mji uliojivunia uraia wa Kirumi, hakuificha fedheha hiyo. Aliiweka katikati ya maneno yake, akafundisha kwamba yeye aliyekuwa juu ya wote alijivua utukufu kwa hiari yake na kuitwaa hali ya mtumwa, akashuka hata kwenye kifo hicho cha aibu. Neno la kushika hapo ni hiari. Mtumwa wa Capua alitundikwa kwa nguvu; huyu, kwa imani ya Wakristo, aliyatoa maisha yake ilhali alikuwa na uwezo wa kuyazuia. Mti ni ule ule, misumari ni ile ile, na tofauti yote imo katika nani aliyetoa.

Lakini Paulo huyo huyo, alipokutana na Onesimo, mtumwa aliyemtoroka bwana wake Filemoni, alimrudisha kwa bwana wake na barua mkononi, akiomba apokewe kama ndugu wala si kama mtumwa tena. Barua ilikuwa ya upole mno, na upole huo uliwapa watu wa baadaye nafasi kubwa ya kusoma neno ndugu bila kusoma maneno yaliyofuata. Kanisa likaishi na utumwa kwa karne nyingi. Katika karne ya nne Kaisari Konstantino aliikomesha adhabu ya msalaba, akaifanya alama yake kuwa bendera ya majeshi, na tangu hapo kile kilichokuwa fedheha ya watwana kikawa nishani ya wafalme. Mimi naona hasara ya badiliko hilo haijapata kuhesabiwa sawasawa.

Nguzo ya Malindi na ngome ya Mombasa, 1498 hadi 1698

Ni msalaba wa namna hiyo, wa nishani, uliofika kwanza katika pwani yetu. Vasco da Gama, aliyetua Malindi mwaka 1498, aliacha huko nguzo ya jiwe yenye msalaba juu yake, nayo ingali ipo hata leo ikitazama bahari. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga ngome huko Mombasa wakaiita kwa jina la Yesu, wakaweka mizinga juu ya kuta zake. Na jina na mizinga vikaenda pamoja katika fikira za watu, kama mkono na kidole.

Aliyeipima dini hiyo kwa ndani alikuwa Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme, ambaye alipelekwa Goa angali mtoto, akabatizwa Jerónimo, akalelewa na mapadri, kisha akarudishwa kutawala Mombasa chini ya macho ya kapteni wa ngome. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akaurudia Uislamu, na Wakristo wa mji waliokataa kumfuata wakauawa, Wareno na Waafrika pia. Kanisa Katoliki linawakumbuka waliouawa kuwa ni mashahidi wa imani, na haki yao hiyo isipunguzwe. Lakini msimulizi aliye mwadilifu atakumbuka vilevile kwamba Yusuf hakuwahi kuulizwa kama anataka kutolewa kwao. Mwaka 1698, baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, ngome ikawaangukia Waomani, na msalaba ukatoweka katika miji ya pwani ya kaskazini kwa muda wa karibu karne moja na nusu.

Watoto watano, 1844 hadi 1873

Ulirudi bila mizinga. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine, na haikutimia miezi mitatu kabla hajamzika mke na mtoto mchanga upande wa Nyali. Akabaki, akaanza kuandika kamusi. Mwaka 1857 Livingstone aliwahutubia watu wa chuo kikuu cha Cambridge, na kutokana na hotuba hiyo ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikwenda nyanda za Shire mwaka 1861. Mackenzie alikuwa mtu mwema aliyeingia katika jambo lililomzidi: inasimuliwa kwamba alitembea na fimbo ya kiaskofu katika mkono mmoja na bunduki katika mkono wa pili, akiwafungua watumwa kwa nguvu na kupigana na waliowateka. Mtumbwi ulipinduka, dawa za homa zikazama, na mwezi Januari 1862 alikufa katika maungano ya mito Ruo na Shire.

Aliyemfuata, William Tozer, aliona hekima ya kuiondoa misheni bara na kuiweka Unguja mwaka 1864. Livingstone alikasirika, akaona kuwa ni kukimbia. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini kama Tozer asingalikimbia, msalaba usingalifika sokoni.

Sasa tazama jinsi kusanyiko la kwanza la misheni hiyo lilivyopatikana. Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, alimpa askofu watoto watano wa kiume waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Aliwatoa kwa ukarimu, kama mtu atoavyo hidaya kwa mgeni mheshimiwa, na askofu akawapokea kwa shukrani. Hakuna aliyewauliza watoto. Walitoka mkono wa dalali wakaingia mkono wa Sultani, wakatoka mkono wa Sultani wakaingia mkono wa askofu, na kwao wenyewe, waliokuwa hawajui Kiingereza wala sababu, safari hiyo yote bila shaka ilikuwa moja. Ilichukua miaka kabla hawajafahamu kwamba mlango wa nyumba ya mwisho ulifunguka kwa ndani. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Na siku hiyo, alipopiga magoti akawekewa mikono, ndipo kwa mara ya kwanza mmoja wa wale watano alipotoa kitu ambacho hakikuwa cha mwingine.

Lugha nayo ilisaidia. Katika Kiswahili, kukomboa ni kutoa mali ili kurudisha kilichowekwa rehani au mtu aliyechukuliwa mateka, na kila mtu wa Mkunazini, Mwislamu, Mhindu au asiye na dini ya kitabu, alijua thamani ya tendo hilo kwa fedha taslimu. Edward Steere, mwanasheria aliyegeuka kuwa kasisi, ambaye alifika pamoja na Tozer na kukaa sakafuni na wazee wa mji kujifunza maneno yao, alipomwita Kristo Mkombozi hakuhitaji kufafanua. Huko Uingereza neno hilo lilikuwa limechakaa kwa kuimbwa. Hapa lilikuwa bado linanuka soko.

Krismasi mbili, 1873 na 1879

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, akibanwa na manowari za Waingereza na maneno ya balozi John Kirk, alitia sahihi mkataba uliofunga biashara ya utumwa ya baharini na minada yote ya watu katika dola yake. Soko la Mkunazini likanyamaza. Hadi siku chache kabla yake madalali walikuwa wakiwatembeza watu hapo wakati wa alasiri, wakitaja bei, na mnunuzi akifungua kinywa cha mtu kutazama meno, akimwamuru akimbie kidogo ili aone miguu yake.

Sehemu ya kiwanja kile ilinunuliwa na kasisi wa misheni, Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu husahauliwa: kanisa la msalaba lilisimama juu ya ardhi ambayo sehemu yake ni sadaka ya Mhindu, na baadaye, kama inavyosimuliwa, likapata saa ya mnara kwa hisani ya Sultani Mwislamu, kwa sharti kwamba mnara usiupite urefu wa jumba lake. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Steere, ambaye mwaka uliofuata alifanywa askofu, akawa mchora ramani, msimamizi na mlipaji wa vibarua kwa pamoja. Wakati ule ule akahubiri kwa Kiswahili katika kibanda cha udongo pale pale kiwanjani, na watu wakaja kumsikiliza, kumbishia na kumcheka. Paa la matumbawe na saruji, lililopinda kama tumbo la jahazi lililofudikizwa, liliwatia mashaka waliotazama, wakaagua kwamba litaanguka, halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1879.

Altare ikawekwa mahali pa mti wa kuchapia, na uamuzi huo una hoja ndani yake. Steere angaliweza kuifanya sehemu hiyo ukuta au ua. Badala yake alipafanya mahali ambapo, kwa mafundisho ya kanisa lake, sadaka ya msalaba hukumbukwa kila misa: palipomwagika damu ya asiyetaka, patajwe damu ya aliyetaka.

Hata hivyo tusipambe mambo. Mkataba wa 1873 uliifunga minada. Haukuwafungua watumwa waliokwisha kununuliwa. Miaka yote kanisa lilipokuwa likijengwa, na miaka mingi baadaye, mashamba ya mikarafuu yaliendelea kulimwa na watwana, mpaka Sultani Hamoud bin Muhammad alipoiondoa hali ya utumwa katika sheria tarehe 6 Aprili 1897. Na mahali pengine msalaba wenyewe ulishika mjeledi: habari zilizotangazwa Uingereza mwaka 1880 zilieleza jinsi wamisionari wa Blantyre, katika nyanda za Shire, wakijifanya mahakimu, walivyowachapa watu hata mtu akafa, na kanisa la Scotland likachunguza, likaona aibu, likawaondoa.

Njia ya Masasi, 1876 hadi 1895

Huko Mbweni, kusini ya mji, misheni ilikuwa na shamba na kijiji cha watu waliokombolewa. Mwezi Oktoba 1876 Steere aliwachukua zaidi ya hamsini miongoni mwao, wanaume kwa wanawake, akavuka nao hadi Lindi, kisha wakapanda bara kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, waliopita njia hiyo hiyo zamani kidogo, wakienda upande wa pili, shingo zao zikiwa katika makongwa. Walipofika Masasi, chini ya majabali yale makubwa, walikataa kuendelea. Walisema pale panawatosha. Askofu, ambaye mipango yake ilikuwa imeandikwa na kuidhinishwa mbali sana, akakubali shauri lao. Naihesabu saa hiyo kuwa kubwa katika historia hii, ijapokuwa hapakuwa na nyimbo wala maandamano: watu walionunuliwa walisema hapana kwa aliyewaongoza, naye akawasikiliza.

Mwezi Septemba 1882 Magwangwara, kundi la Wangoni, walikishambulia kijiji hicho cha Masasi, wakaua, wakateka, na baadhi ya waliokuwa wamekombolewa baharini wakawa mateka mara ya pili nchi kavu. Padri mmoja wa misheni aliwafuata Magwangwara hadi kwao ili kuomba watu kwa fidia. Steere hakuishi kusikia habari hizo. Alikufa Unguja tarehe 27 Agosti mwaka huo huo, akazikwa nyuma ya altare aliyoijenga. Agano Jipya kwa Kiswahili, kazi aliyoihangaikia miaka yote, likatoka chapani mwaka 1883.

Miongoni mwa vijana waliosomeshwa katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, alikuwamo Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyepata kuwa mtumwa. Alipelekwa Chitangali, akakaa huko peke yake bila Mzungu wa kumsimamia, akafundisha, akabatiza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ile. Alirudi kwa watu wa kabila lake bila kununuliwa wala kuagizwa na bwana, akiwa na kitu ambacho Mackenzie na bunduki yake hakuwa nacho: alijua kwa ngozi yake kile alichokuwa akikihubiri.

Kuna kifo kimoja zaidi cha kutajwa katika miaka hiyo. Chauncy Maples, aliyekaa Masasi na Newala na baadaye Likoma, alifanywa askofu wa Likoma mwaka 1895, na tarehe 2 Septemba mwaka huo huo dhoruba ya usiku iliipindua mashua yake katika Ziwa Nyasa. Mabaharia wake walijaribu kumshika. Naye, kama walivyosimulia wale walionusurika, akawaambia wamwache wakajiokoe wenyewe. Vitabu vimemsifu askofu kwa neno lile, na ni haki. Ila waliomshika majini, ilhali wao wangaliweza kuogelea mara moja kwenda pwani, majina yao hayakupata ukurasa.

Askofu na wapagazi, 1898 hadi 1924

Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, akafundisha Kiungani, na mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu cha elimu ya dini juu ya Kristo, akichunguza jambo lile lile la waraka wa Wafilipi: jinsi Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka kwa hiari ili aishi kweli maisha ya mwanadamu. Wengi waliandika juu ya hoja hiyo katika maktaba za Ulaya. Yeye aliisumbukia kati ya watu ambao kwao kushushwa kuwa mtumwa hakukuwa mfano wa maneno. Mwaka 1911 aliasisi shirika la masista wa Mateso Matakatifu, ambao makao yao yakawa Magila.

Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walihitaji wapagazi, na mwaka 1916 Weston aliwakusanya watu wa Unguja na kuwaongoza yeye mwenyewe, akienda kwa miguu pamoja nao. Wapo waliomlaumu kwa kuvaa cheo cha jeshi, nami siwezi kusema wamekosa. Lakini aliyoyaona njiani, mizigo, njaa na maiti za wapagazi kando ya njia, hayakumtoka. Serikali ya Kenya ilipotoa maagizo mwaka 1919 ya kuwahimiza maofisa wawapatie walowezi vibarua, Weston aliandika kijitabu mwaka 1920 na kukitangaza Uingereza, akiita kazi hiyo ya lazima kwa jina linalostahili, utumwa. Na pamoja na sauti za wengine kijitabu hicho kilisaidia hata London ikayalegeza maagizo yale mwaka 1921. Hoja yake, ikichambuliwa, ni ile ile ya duara la Mkunazini: mtu anyang'anywaye jasho lake hawezi kulitoa sadaka, na anayemnyang'anya kisha akamhubiria msalaba amemwibia mara mbili. Alikufa Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, kwa jipu lililoleta sumu katika damu. Miaka miwili kabla, mwaka 1922, utumwa ulikuwa umefutwa kwa sheria katika Tanganyika.

Msomaji akipata kufika Mkunazini, na akisha kulitazama duara na msalaba wa mpundu, asitoke upesi. Apite upande wa magharibi, penye nguzo fupi za marumaru. Inasimuliwa kwamba Steere alikuwa safarini bara zilipowasili, na mafundi wa Unguja, ambao hawakuwa wamewahi kuona nguzo za namna hiyo, wakazisimamisha kichwa chini. Askofu aliporudi aliziona, akaziacha. Ziko hivyo hata leo.